Maziwa ya Shangazi

Juzi, katika soko la mifugo la Isiolo, mchungaji mmoja alimwacha mbuzi mwenye makovu katikati ya mbuzi waliougua ndui. "Huyu alishaugua," aliniambia. "Mwili wake unaujua huo ugonjwa."

Nilikumbuka alasiri moja ya utotoni. Shangazi alikuwa na tetekuwanga, amelala peke yake chumba cha nyuma. Mama, aliyekuwa mjamzito, alinipa kibuyu cha maziwa kilichonukia moshi. Dada yangu Halima alikatazwa hata kuukaribia mlango.

"Enda, Madoadoa," Halima alicheka. "Huko utapata mwenzako."

Uso wangu ulikuwa bado na makovu ya tetekuwanga. Nilidhani Mama ameamua kunitoa kafara mimi, mtoto ambaye yeye hakumhitaji. Nilijifunika mtandio, nikamnywesha Shangazi bila kumtazama. Nilipotoka, Mama alininyooshea mkono. Nikampita.

Sasa najua kwamba mwili wangu ulikuwa umejifunza kuutambua ugonjwa ule na kuuzima mapema. Mama na Halima hawakuwahi kuugua; ni mimi tu niliyeweza kuingia salama.

Pale sokoni mchungaji aliniuliza mbona nimejifunika hadi machoni. Nilisingizia vumbi.