Aila, muuza pipi za usingizi anayemuuliza kila mteja: "Nani atakula?"

Saa nne kasorobo asubuhi. Duka bado limefungwa, lakini Bi Doreen Kowalchuk ameshasimama mlangoni, kofia ya sufu imemshukia hadi kwenye nyusi, mkononi ana kikopo cha plastiki. Theluji inamwangukia mabegani wala hajali.

Aila Rantala anamfungulia kabla ya saa. "Kimekataa tena?"

"Nimekipiga nyundo, Aila. Nimekesha macho kodo, na usingizi nimeshaununua, umo humo ndani, nauona."

Aila anacheka mpaka anashika kaunta. Anainama, anatoa kikopo kitupu anachokiweka kwa ajili ya mazoezi. "Usitumie vidole, mama. Kandamiza kwa kiganja, halafu zungusha. Haya, jaribu."

Vifuniko hivi vimetengenezwa ili watoto wasivifungue. Kwa kweli hawavifungui, wala bibi zao wenye baridi yabisi hawavifungui. Bi Doreen anajaribu mara mbili, anasonya, mara ya tatu kinafunguka. Anaondoka kifua mbele.

Duka hili la bangi liko Mtaa wa Bay, mjini Thunder Bay, Kanada, kati ya fundi viatu na mgahawa wa Wafini. Biashara hii ni halali hapa, na hakuna anayepita akiinamisha kichwa. Vijana huja kununua za kuvuta. Wazee huja kwa Aila, kununua za kula: pipi laini, chokoleti, biskuti. Shida yao kubwa ni moja, kupata usingizi.

Aila ana umri wa miaka 59. Kabla ya hapa alipika jikoni katika nyumba ya kutunzia wazee kwa zaidi ya miaka ishirini, mpaka mgongo ukagoma. Leo analipwa dola kumi na nane kwa saa, kiasi ambacho kwa kodi za nyumba za mji huu hakimfanyi mtu atambe. Hana shahada wala cheti cha utabibu ukutani. Ana maswali.

Mteja akifika na kusema "nipe kitu cha kulala", hapewi kitu. Kwanza anaulizwa: nani atakula? Atakula saa ngapi? Anameza dawa gani? Mwenye dawa za presha au za moyo anaambiwa akazungumze kwanza na mfamasia, hata akinuna. Wengine hununa kweli.

"Wanataka yenye nguvu kuliko zote, kama wananunua shoka," anasema Aila. "Mimi nawapa ndogo, na nawaambia waikate nusu. Ya kuvuta utaijua papo hapo. Ya kula inapita tumboni, saa nzima, pengine mbili. Mtu anakula, anatazama saa, anasema nimeibiwa, anakula nyingine, zote mbili zinampanda pamoja. Hapo ndipo anaponitukana kesho yake."

Dawa ya ugonjwa huo anayo. Ukinunua kwake, atakuagiza ule nusu, kisha paketi uipeleke ndani ya gari uifungie huko. Ukiitaka ya pili, uvae buti, uvae koti, utoke kwenye baridi ya kukata masikio. "Hajapatikana bado aliyetoka," anasema.

Hili hakulisoma popote. Mara yake ya kwanza alikula pipi moja kabla ya kuingia sauna, chumba cha mvuke cha Wafini, akaona kimya, akala ya pili. "Nikakaa mle nikizungumza na ndoo ya maji. Ndoo ilinielewa sana. Dada yangu ndiye aliyenitoa, na mpaka leo akinipigia simu anaulizia hali ya ndoo."

Mwenye duka, kijana Jaspreet Gill, hulalamika huku akicheka. "Mama huyu anafukuza mauzo. Mtu anakuja na hamu ya kununua vitatu, anatoka na kimoja. Lakini nikimpa likizo, wazee wanachungulia dirishani, wakikosa kumwona wanaondoka zao."

Mwezi uliopita swali lake la kwanza lilimgusa mtu pabaya.

Mzee Veikko Lahtinen, dereva mstaafu wa magari ya magogo, aliingia macho mekundu, ndevu hazijanyolewa. Alitaka kitu kisicho na ladha, cha kuyeyuka ndani ya uji.

"Nani atakula?" akauliza Aila.

"Nimekwambia, ni cha kutia kwenye uji."

"Uji haukosi usingizi, Veikko. Nani atakula?"

Mzee akapandisha hasira. "Wewe ni muuzaji au polisi? Duka la ng'ambo ya barabara hawaulizi ujinga huu."

"Nenda. Na mimi nafunga hapa naenda kukaa na Helvi mpaka utakaporudi. Yuko na nani sasa hivi?"

Helvi, mkewe, alikuwa nje ndani ya gari, injini ikinguruma, miguuni amevaa ndara za nyumbani. Bi Helvi anapoteza kumbukumbu. Mara mbili msimu huu ametoka usiku na gauni la kulalia akielekea kwa mama yake, aliyefariki zamani. Tangu hapo Veikko hulala ameketi, kiti amekiegemeza mlangoni. Kulala ni jina tu.

"Andika," aliniambia mzee huyo nilipomwuliza kama nimtaje. "Nilitaka kumtilia mke wangu dawa bila yeye kujua. Sikutaka kumdhuru. Nilitaka usiku mmoja tu. Wapo wengi kama mimi, na wasome."

Aila hakumwuzia. Anasema aliogopa, na akamkasirikia, na akamwonea huruma, yote kwa pamoja. "Mtu halishwi asichokijua. Helvi akiamka kichwa kinazunguka, hajui kwa nini, si atadhani ndiyo anakufa? Na akitoka nje katika hali hiyo je?"

Akamwambia mzee, "Wewe hukosi pipi. Unakosa mtu wa kukupokea zamu."

Siku hiyohiyo alimpigia simu daktari wa Bi Helvi mbele ya Veikko, kisha akampa mzee simu azungumze mwenyewe. Nafasi katika nyumba ya wazee inasubiriwa, na haijulikani itapatikana lini. Basi Aila akapunguza saa zake za kazi. Jumatano na Jumapili yeye hukaa na Helvi. Siku nyingine Bi Doreen huja na karata zake, na inasemekana anamwibia mgonjwa mchezoni bila haya.

Akina mama hawa sasa wana mpango. Katika ukumbi wa kanisa kuna chumba cha nyuma kilichojaa viti vibovu. Wanataka kukisafisha, kuweka vitanda viwili na mapazia mazito, ili wanaokesha na wagonjwa nyumbani waje kulala mchana huku wagonjwa wao wakitunzwa ukumbini. Mchungaji amekubali. Vitanda bado.

"Nitawauzia pipi wanaozihitaji," anasema Aila, "na wasiozihitaji nitawapa kitanda. Jaspreet asijue."

Jumapili iliyopita nilimkuta kwa akina Lahtinen. Mzee Veikko alikuwa ametuaga kwamba anakwenda kunyoosha mgongo dakika tano. Aila na Helvi walikuwa mezani wakisuka unga uliokandwa wa mkate mtamu wa iliki, na mikono ya Helvi ilifanya kazi yenyewe, haraka kuliko ya Aila.

Chumbani kukaanza mkoromo. Helvi akasimamisha mikono.

"Nani huyo?"

"Mumeo, mpenzi. Tukamwamshe?"

Helvi akatega sikio. Tangu asubuhi alikuwa ameniita kwa majina ya watu watatu tofauti, na Aila akawa anaitwa naye mama.

"Mwacheni," akasema, akishusha sauti. "Usiku hapati kulala, masikini. Ananilinda nisipotee."