Watoto Hewa wa Usiku wa Ijumaa

Kompyuta ya wodi ya wazazi ilikuja na habari ya ajabu: mama anaruhusiwa Ijumaa asubuhi, halafu anajifungua wodini Ijumaa hiyohiyo saa mbili usiku, hali mwenyewe keshafika kwao Mitwero anakunywa uji. Si mama mmoja, ni wengi. Wakubwa wa hospitali hawakucheka. Walisema hao ni watoto hewa, wametungwa ili wodi ionekane inachapa kazi. Mkunga mkuu akaambiwa Jumatatu ajieleze au aage.

Mkunga huyo alimpokea karibu kila mtu mtaani kwetu, mimi nikiwamo. Na mfumo ule wa kompyuta mtunzaji wake ni mimi.

"Shikamoo mama," nilisema alipoingia ofisini.

"Marahaba mwanangu. Mashine yako inaniita mwongo."

Nilimwambia ni jambo dogo. Sisi tunasema saa mbili, kompyuta inataka saa ishirini. Bila shaka ubadilishaji wa saa umekosea. Nikakagua, ukawa sawa kabisa. Nikaishuku seva kwamba inafuata saa za Ulaya, nikavuta saa zote nyuma. Mtoto mmoja akazaliwa kabla mama yake hajaingia getini! Nikazirudisha huku nikiitukana ile mashine kama mbuzi aliyeingia shambani. Hasira zangu ziko karibu, na kompyuta haijibu, jambo linaloniudhi zaidi.

Mwisho nikawapanga watoto hewa wote kwa saa. Hakuna hata mmoja wa mchana. Wote walizaliwa baada ya magharibi. Nikabaki nimekodoa macho, simu ikaita. Mama yangu mzazi.

"Hitima ya babu yako usiku wa Ijumaa. Usichelewe."

"Nitakuja Alhamisi nikitoka kazini," nikajibu, nikakata.

Kisha nikajishika kichwa. Kwetu jua likizama, siku imekwisha na nyingine imeingia. Usiku wa Ijumaa ni huo unaotangulia mchana wake. Mkunga alikuwa akipokea mtoto Alhamisi baada ya magharibi, anabonyeza Ijumaa kwa moyo safi. Kompyuta, isiyojua magharibi ni nini, ikamsogeza mtoto siku nzima mbele.

Jumatatu nikaeleza mbele ya wakubwa, mkunga kakaa kando, mikono mapajani, hapepesi macho. Mganga mkuu alicheka mpaka akavua miwani. Akasema shauri limekwisha, mkunga arudi wodini. Nilifurahi nusura nimkumbatie yule mama.

Nje kwenye baraza nikamwomba jambo moja: kuanzia sasa, mtoto wa usiku aandikwe kwa siku ya kompyuta.

Akajifunga vizuri mtandio wake.

"Mashine nitaiandikia Alhamisi, mwanangu," akasema. "Lakini mama wa mtoto nitamwambia ukweli."