Petroli Yenye Pombe

Shoga yangu alikuwa kalazwa hospitali aliponishika mkono akaniambia, "Mimi utanikosha wewe. Na usinivalie mipira mikononi, ukanisugua kama sufuria." Nikamwambia anyamaze, hafi. Akacheka. "Leo sifi, lakini neno umelisikia."

Nililisikia. Hapa London wanawake wa kwetu tunaokosha maiti sote huvaa glavu, na mimi huvaa. Kwake nilikubali nisivae.

Asubuhi baada ya kifo chake mjukuu wangu alikuja kunichukua nyumbani Wembley twende Hayes, kwenye msikiti alikolazwa maiti. Gari yake kanunua mtumba, na tangu ainunue anaisifu kwa jambo ambalo sikulijali: eti inakubali mafuta ya namna nyingi. Njiani tukasimama kutia petroli. Mjukuu wangu ana kucha za kubandika, ndefu kama vijiko, hata bomba la petroli halishiki sawasawa. Basi mimi ndiye hushuka. Nikatia. Nilipolichomoa bomba likanitemea, kiganja chote mpaka mkono wa baibui.

Nikarudi garini najifuta kwa karatasi.

"Pole bibi," akasema. "Itakauka haraka. Ndani mna ethanoli."

"Ndiyo nini hiyo?"

Akaanza kunieleza kwa Kiingereza, kama kawaida yake. Nikamwambia aseme maneno nitakayoyaelewa. Akafikiri kidogo.

"Ni pombe, bibi. Wanaitengeneza kwa ngano, kwa mahindi. Petroli ya hapa wanaichanganya nayo kidogo. Na gari yangu hata ukiipa pombe karibu tupu, inakunywa tu."

"Inakunywa!"

"Bibi, ni gari. Haina dini."

"Mimi ninayo."

Nikashuka tena, nikaingia choo cha pale kituoni, nikasugua mkono kwa sabuni mpaka ukawasha. Harufu haikutoka. Baibui nikalivua nikalitupa kiti cha nyuma garini, nikajifunga mtandio.

Msikitini chumba cha kukoshea kilikuwa na wanawake wawili niliozoea kufanya nao kazi, na binti wa marehemu. Nikawaambia yaliyonipata, maana sikutaka kuwaficha.

Yule mdogo, Mpemba, akaniambia, "Hiyo si ya kunywa, ni ya kuendeshea. Ingekuwa najisi, leo sote tungekuja kwa miguu." Wakacheka, hata mahali kama pale.

Mwenzake hakucheka sana. "Wengine wanasema haina neno, wengine wanasema ina neno. Kama moyo wako una shaka, vaa glavu, basi."

Binti akanitazama. "Mama mkubwa, mama alisema mikono yako. Aliniambia na mimi."

"Najua alivyosema."

"Sasa?"

Nilitaka tumuulize shekhe. Shekhe alikuwa kashatangulia makaburini, na wanaume walikuwa wanagonga mlango, gari ya jeneza imekwishafika. Nikanawa tena kwa maji mengi, nikanusa vidole. Petroli. Karafuu maiti ilikuwa imefunguliwa pale mezani, inanukia chumba kizima, lakini mimi nilinusa petroli.

Sikusoma, na sitajifanya najua hukumu ya kitu nisichokijua. Ninachokijua ni kuwa yule mwanamke alikuwa anakwenda kwa Mola wake, na mtu hapelekwi huko kwa mkono wenye shaka. Kama ni kukasirika, shoga yangu akasirike na mimi.

Nikavaa glavu.

Binti hakunitazama tena. Akachukua kata akawa anamimina. Maji sikuyahisi kama ni ya moto au ya baridi, ikabidi nimuulize.

"Vuguvugu," akajibu.

Nikaanza upande wa kulia, taratibu, na kila nilipopitisha mkono mpira ulilia juu ya ngozi yake, na sote mle ndani tukiusikia.