Jina la Nduku Mwishoni mwa Wimbo

Nduku na mimi tunauza bega kwa bega katika soko la Machakos, yeye machungwa, mimi ndengu na mbaazi, na kama kuna mwanamke aliyechoka kuliko yeye, mimi sijamwona. Alfajiri anapanda Kathiani kuchukua machungwa kwa ndugu zake. Jioni anarudi nyumbani kumpikia mume. Na mume huyo si mume tu, ni bendi nzima.

Masila, mumewe, hushona sare za shule siku za kazi, na Jumapili hupiga gitaa na kuimba na Ngoleni Success Band. Spika zao hulala chumbani kwa Nduku. Mazoezi hufanyiwa uani kwake, na wanaume wale watano hawajui kwamba ugali hupikwa, wanadhani huota wenyewe. Wameishi hivyo tangu binti yao Tracy alipokuwa akibebwa mgongoni. Sasa Tracy ana mtoto wake, na bendi ilikuwa haijatoa hata albamu moja.

Mwaka huu, hatimaye, wakaingia studio. Masila alipopita sokoni kutuambia, Nduku alimwomba jambo moja, mimi nikiwa papo hapo nikipepeta ndengu.

"Baba Tracy, mimi sitaki kitu mingi. Uite jina yangu mara moja tu."

Muziki wetu wa Ukambani una desturi yake. Gitaa zikishika kasi, mwimbaji huwasalimu watu kwa majina na kwa makwao. Masila amewasalimu watu katika kila harusi ya wilaya hii, lakini hajawahi kumsalimu Nduku. Nadhani aliona mke hasalimiwi, kwa kuwa wameamka nyumba moja. Wanaume wana akili zao.

"Nitakuweka mwisho kabisa," Masila akajibu.

Hilo si jambo dogo. Kwa bendi za huku, anayetajwa mwisho ndiye mwenye wimbo. Baada yake hatajwi mtu mwingine. Siku hiyo kila mteja wa Nduku aliongezewa chungwa bila kuomba.

Albamu ilizinduliwa Jumapili mchana katika ukumbi wa kukodi pale mjini. Nduku alikuwa amewapikia wageni pilau tangu kulipokucha, akaja kuketi kando yangu akinuka moshi. Lenny, kijana wa studio, akaiweka albamu kwenye spika. Wimbo wa sita ulipofika, majina yakaanza. Akasalimiwa Mulwa wa Kangundo, mwenye bodaboda, aliyewabebea ngoma siku moja tu. Akasalimiwa mwenye duka la dawa. Nikasalimiwa hata mimi, Kavutha wa ndengu, ambaye sijawahi kumpa Masila hata kikombe cha chai. Niliona aibu. Nduku akanishika mkono.

"Bado kidogo," akaninong'oneza.

Kisha sauti ikaanza kushuka. Gitaa zikaenda mbali, tukamsikia Masila akivuta pumzi ndefu, na wimbo ukaisha. Watu wakapiga makofi. Nduku naye akapiga.

Masila alimwendea Lenny mbio.

"Mwisho iko wapi?"

"Mzee, hiyo ngoma ilikuwa ndefu sana. Watu siku hizi hawamalizi. Niliipunguza, hapo mlikuwa mmebaki na salamu tu."

"Irudishe."

"Ile ndefu nilifuta. Na hii iko kwa mtandao tangu asubuhi."

Nilitamani kumchapa kijana yule kwa mwiko. Lakini bendi nayo ililetewa albamu kabla, ikasikiliza mwanzo wa kila wimbo, ikaridhika. Watu wazima watano, na hakuna hata mmoja aliyefika mwisho. Hilo bado linanikera.

Nikamfuata Masila hadi nyuma ya ukumbi, akamkuta mkewe ameinama juu ya sufuria.

"Mama Tracy, nilikuita. Haki nilikuita."

"Najua. Nilisikia ukivuta pumzi. Shika hapo, tubebe hii sufuria."

Masila akashika. Macho yake yalikuwa mekundu. Ya Nduku yalikuwa makavu, na hayo makavu ndiyo yaliyoniumiza.

Jumatatu tukarudi sokoni. Jeff, anayeuza nyimbo kwenye flash mkabala na meza zetu, alikuwa akiicheza albamu ile tangu tulipofungua. Imependwa, siwezi kudanganya. Wimbo wa sita ukaja na majina yake. Langu lilipopita niliinamia ndengu zangu. Kisha gitaa zikaanza kwenda mbali, na ile pumzi ikavutwa. Nduku alikuwa akimhudumia mteja. Bila kuinua kichwa, akasema polepole, "Nduku wa Kathiani," halafu akamuuliza yule mama kama anataka machungwa ya kukamua au ya kula.