Mashine Iliyofundishwa Kubeba Mayai

Naeema hakujua pikipiki iliondoka saa ngapi. Alipanda pale Kibuye, mbele ya vibanda vya mitumba, akapakatishwa trei mbili za mayai kama mtu anayekabidhiwa mapacha, akafumba macho na kuanza kusoma dua ya safari. Alipofika kwenye amina na kuyafumbua, soko lilikuwa limeshabaki nyuma na upepo ulikuwa unamvuta ushungi.

"Kumbe tumeondoka?" aliuliza.

"Kitambo, dada. Shika mayai, usinishike mimi," alisema Nabalayo, aliyeendesha, bila kugeuka.

Miaka sita Naeema alikuwa Doha, akitunza mapokezi ya hoteli na kujifunza kuamkiana kwa lugha saba. Alivijua viwanja vya ndege vitano na vyoo vyake. Lakini kichochoro hiki cha nyuma ya ufuo wa Dunga, ambacho pikipiki ilikuwa inakipenya sasa kati ya nyavu za omena, wale dagaa wa ziwani, zilizoanikwa na mashua zilizopinduliwa matumbo juu, hakuwahi kukiona, na yeye ni mzaliwa wa Kaloleni, mwendo wa dakika ishirini tu. Bata walimpisha. Mtoto mmoja alimpungia mkono kama anayempungia rais.

Alikuwa ametumwa. Siku hiyo, Jumamosi, baada ya sala ya adhuhuri, lori lingetoka kwao na vyombo vya mdogo wake, Rehma, kuvipeleka kwa mume: makabati, masufuria, mazulia, na kitanda. Kitanda kilikuwa tayari isipokuwa ubao wa kichwani. Huo Nabalayo alikuwa ameuahidi tangu yeye na Rehma wakikaa dawati moja darasa la tano. "Siku ukiolewa, kitanda chako nitakichonga mimi," alisema akiwa na miaka kumi na moja, na Rehma hakuwahi kumsamehe ahadi hiyo. Mama yao alikuwa na mpango wake. Kuna duka moja mjini lilikuwa na ubao wa sponji uliovalishwa velveti nyekundu, wenye vifungo vya kung'aa kama meno ya dhahabu. Agizo lilikuwa fupi: Naeema aende, aone kwa macho yake, na saa tano kamili aseme kama ubao wa Nabalayo upo au haupo. Kama haupo, velveti ipakiwe.

"Velveti!" Nabalayo alisema, akizima pikipiki mbele ya banda la mabati. "Rehma hupiga chafya akiona vumbi la chaki. Mnamwekea velveti kichwani alale nayo?"

"Mimi ni mjumbe tu."

"Basi shuka, mjumbe. Polepole. Hayo mayai ni ya mama wa chai pale mbele."

Ndani ya banda alikaa Mzee Opiyo, fundi wa mashua na milango, mwenye banda, juu ya kigogo, akinywa chai na kuitazama mashine ya Nabalayo kwa jicho la mtu aliyeletewa mkwe asiyemtaka.

"Karibu, Mama," alimwambia Naeema. "Umekuja kuona maajabu? Mashine inakula mbao. Imekula mbili. Hiyo ya tatu ni ya mwisho, na ni mvule. Ningeiweka kwa mashua ingevuka mpaka Uganda na kurudi. Lakini huyu nyar Bungoma, huyu binti ya watu, amenilainisha na mayai."

Mashine yenyewe ilikuwa na ukubwa wa meza ya kulia watu wanane. Miguu na daraja lake, ile fremu inayokwenda mbele na nyuma juu ya ubao, vilikuwa vyuma vya vitanda vya bweni la shule fulani, vilivyonunuliwa kwa kilo. Fito laini ambazo daraja liliteleza juu yake zilitoka kwenye mashine za fotokopi zilizokufa. Mota nne zilinunuliwa Kibuye, moja moja, kwa mwaka mzima, kutoka kwa jamaa anayeuza vitu ambavyo hata yeye hajui ni vya nini. Kompyuta kuukuu ilikaa pembeni, imevalishwa mfuko wa nailoni dhidi ya vumbi, na waya zilitoka humo kama ndevu. Ulichora ua kwenye kompyuta, na kisu kinachozunguka kwa kasi kililichonga ua lile lile kwenye mti. Ndivyo ilivyotakiwa iwe.

Na Nabalayo hakuwa mhandisi. Alikuwa mbeba mayai. Miaka minane alikuwa akienda Katito alfajiri kwa wafugaji wa kuku na kurudi na trei thelathini nyuma ya pikipiki, zimefungwa kwa mpira, akipita kila tuta na kila shimo la barabara hiyo. Mwaka jana alivunja mayai matatu, na moja kati ya hayo alilivunja makusudi, alikuwa na njaa. Jioni alikaa na simu akitazama watu wa mbali wakiunda mashine kama hii. Aliyempenda zaidi alikuwa bwana mmoja mnene mwenye fulana, aliyezungumza lugha ambayo Nabalayo hakuijua hata neno. Hakujali. Aliangalia mikono.

"Shida iko hivi," alimweleza Naeema, akiinua vipande viwili vilivyokuwa vimeegemezwa ukutani.

Cha kwanza kilikuwa na maua ya gugumaji, lile gugu la zambarau linaloziba ziwa, ambalo Rehma amelipenda tangu utotoni na ambalo mama yake alisema ni nuksi kuliweka kitandani. Ua la kwanza lilikuwa zuri hata Naeema akaligusa. La pili lilikuwa limesogea upande. La tatu lilikuwa limepanda juu ya la pili. La nne lilikuwa nje ya ubao.

"Mota zinaruka hatua," Nabalayo alisema. "Kompyuta inahesabu mia, mota inapiga tisini na nne, imeishiwa nguvu, na haisemi. Inaendelea tu kutoka pale ilipo, kama mlevi anayesimulia hadithi. Nikapunguza kasi. Bado ikaruka. Nikapunguza tena, ikawa inatambaa. Ona."

Kipande cha pili kilikuwa kimeungua. Kisu kilikaa mahali pamoja mpaka mti ukawa mkaa, na maua bado yalikuwa yamehama.

"Kwa nini ulipunguza kasi?"

"Yule bwana kwenye simu. Kila akifika kwenye namba za mwendo anatikisa kichwa, hivi, ananyoosha kidole, anakunja uso. Nimemrudia mara arobaini. Anakataza kasi kwa uchungu kabisa."

Naeema aliomba simu. Bwana mwenye fulana alitokea, akatikisa kichwa, akanyoosha kidole, akakunja uso. Naeema alisikiliza. Akairudisha sehemu ile, akasikiliza tena.

"Hiki ni Kitagalogi," alisema. "Nimekaa chumba kimoja na Wafilipino miaka minne."

"Ehe! Anasemaje?"

"Anasema jogoo wa jirani anampigia kelele na anatamani amchinje."

Kisha Mzee Opiyo alicheka mpaka chai ikamtoka puani. "Yawa! Siku tatu umetii jogoo!" alipiga kelele. "Mbao mbili zimekufa kwa sababu ya jogoo wa Ufilipino!" Nabalayo alijaribu kukasirika, ikamshinda, akakaa chini sakafuni kwenye vumbi la mbao na kucheka huku machozi yanamtoka, na Naeema akacheka kwa sababu wao walikuwa wanacheka. Walipotulia ilikuwa saa tatu na nusu, na mvule wa mwisho ulikuwa bado mtupu kama karatasi ya mtihani.

"Washa nione," Naeema alisema.

Nabalayo aliwasha, kisu kikiwa kimeinuliwa juu hewani ili kisiguse mti. Daraja zito la vyuma vya vitanda lilichomoka ghafla, *kpa!*, likaenda, likasimama *kpa!*, likageuka *kpa!* Banda zima liliruka. Kijiko cha Mzee Opiyo kilicheza kwenye kikombe.

"Wewe," Naeema alisema, "umenitoa Kibuye na mayai mapajani sikujua hata tumeondoka. Hii mbona inaondoka kama imechomwa sindano?"

Nabalayo alikuwa ameinua mkono kuzima. Mkono ulibaki hewani.

"Rudia, dada."

"Nimesema mbona inaondoka kama..."

"Kuondoka!" Nabalayo alipiga yowe, akamshika Naeema mabega yote mawili na kulijaza buibui lake unga wa mbao. "Kuondoka! Namba ziko mbili! Moja ni kasi, mwendo wa mwisho. Nyingine ni ya kuchanganya, yaani mashine inafika kwenye mwendo huo kwa haraka gani. Hiyo ya pili sikuigusa! Niliichukua kwa yule bwana kama ilivyo, na mashine yake ni nyepesi kama kigoda. Yangu imebeba bweni zima! Mzee, kasi haivunji yai. Si nakwenda themanini na mayai? Yai linavunjwa na kuondoka na kusimama!"

"Mimi nimekuwa nikisema," alisema Mzee Opiyo, ambaye hakuwa amesema.

Namba ya kuchanganya ilikuwa mia tano. Nabalayo aliishusha mpaka hamsini. Kisha, badala ya kuwasha, alikimbia mlangoni zilipowekwa trei na kurudi na yai moja na kifuniko cha chupa. Aliweka kifuniko juu ya daraja kwa kipande cha gundi, akalisimamisha yai humo.

"Hilo ni la mama wa chai," Naeema alisema.

"Atalipata likiwa na elimu."

Daraja liliondoka. Hakukuwa na *kpa*. Lilianza kama mtu anayenyanyuka msikitini bila kutaka kumwamsha jirani, likachanganya, likapunguza, likageuka. Yai lilikaa. Lakini mwendo ulikuwa wa kuuguza. Kwa mtindo huo Rehma angezaa kabla ubao haujaisha. Nabalayo alipandisha mpaka mia. Yai lilikaa. Mia na hamsini. Likatetemeka, likafikiri, likakaa. Mia mbili, daraja lilishtuka kidogo, yai likaruka kama linalokwenda zake, likatua juu ya kiatu cha Mzee Opiyo.

"Wuoi! Kiatu cha kanisa!"

"Mia na hamsini!" walisema Nabalayo na Naeema kwa pamoja.

Sasa yai jipya, na sasa kasi. Elfu moja, elfu mbili. Mota zilianza kuimba, sauti nyembamba inayopanda, na Mzee Opiyo, aliyekuwa anapangusa kiatu, akasema hiyo ni sauti ya pili ya kwaya yao, ile inayokosea kila Jumapili. Elfu mbili na mia tano, zikaimba vizuri zaidi. Elfu tatu, zikapiga kelele ya mbuzi na kusimama papo hapo. Nabalayo alirudi elfu mbili na mia tano, akashusha mia moja zaidi kwa ajili ya ugumu wa mvule, kwa kuwa hewa haina mafundo. Akatia nukta ya penseli chini ya ncha ya kisu, akaituma mashine iende na kurudi mara arobaini, kila upande. Wote watatu waliinama kuhesabu. Mara ya arobaini ncha ilirudi ikasimama juu ya nukta ile ile, na yai lilikuwa halijasogea.

Hakuna aliyecheka safari hii. Nabalayo alibana mvule mezani, akafunga hijabu ya Naeema vizuri nyuma isije ikanaswa, akashusha kisu.

Ilikuwa saa nne na robo. Vumbi la mvule liliruka, lenye harufu ya pilipili manga. Ua la kwanza lilitokea. La pili lilitokea mahali pake. La tatu, mahali pake. Nabalayo hakuketi. Alizunguka mashine kama mama wa bwana harusi, akipuliza unga, akinong'ona namba, na kila ua lilipokamilika alicheza hatua mbili akarudi kuwa na wasiwasi.

Saa tano kamili simu ya Naeema ililia.

"Niko dukani," mama yake alisema. "Mkokoteni uko mlangoni. Ipakiwe, isipakiwe?"

Naeema alitazama. Nusu ya ubao ilikuwa maua, nusu ilikuwa tupu, na kisu kilikuwa kinaingia kwenye fundo jeusi katikati ya mti. Mota zilishuka sauti. Nabalayo alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Daraja lilipunguza, likageuka ndani ya fundo, likatoka upande wa pili likichanganya taratibu.

"Naeema! Nauliza!"

"Isipakiwe."

"Una hakika?"

"Mama, kuna kelele huku, sikusikii," Naeema alisema, akazima simu.

Saa sita na dakika kumi kisu kiliinuka chenyewe. Magugumaji kumi na moja yalikuwa yamepangana kutoka kona hadi kona kana kwamba ziwa limeingia ndani. Mzee Opiyo alipitisha kidole gumba kwenye kila petali akitafuta kosa, akafika mwisho, akarudia, akaishia kusema, "Wasiuegemee na mafuta ya nywele." Walipiga msasa, wakapaka mafuta ya mbegu kwa kitambaa, wakauzungushia ubao blanketi, wakaufunga nyuma ya pikipiki kwa mipira ile ile ya mayai, ukakaa kwa upana kama mabawa.

"Na mimi nipande wapi?" Naeema aliuliza.

Nabalayo alikuwa ameshavaa kofia. Alikuwa na unga wa mbao kwenye kope, na alikuwa anacheka peke yake bila sababu mpya. "Dada, wewe na ubao, mmoja abaki. Ubao haujui njia."

"Nabalayo!"

"Tuktuk ziko pale mbele. Na hayo mayai mpelekee mama wa chai. Mwambie moja lilikwenda shule, likafeli."

Naeema alisimama katikati ya uchochoro, buibui lake jeupe kwa vumbi, akimkazia macho. Safari hii aliapa ataona. Aliangalia gurudumu la nyuma bila kupepesa. Kisha bata wakapiga kelele, na alipotazama tena blanketi lilikuwa limeshafika kwenye nyavu za omena, limetulia, halitikisiki hata pindo. Na baada ya mashua ya mwisho pikipiki ilichanganya, ikachanganya, ikawa mlio tu upande wa mjini.

"Umeona alivyoondoka?" Mzee Opiyo aliuliza kutoka ndani.

"Hapana," Naeema alisema.

Alirudi bandani kuchukua trei. Yai la pili lilikuwa bado limesimama kwenye kifuniko chake juu ya daraja, na hakuna kati yao aliyetaka kuwa wa kwanza kuligusa.