Sheria ya Meno Niliyoitetea na Ganzi Mdomoni

Jamani, hili nilikusudia nife nalo, ila kwa kuwa Shaabani keshaisambaza video na nusu ya Watanzania wa Riyadh wameniona nikidondosha mate kifuani, bora mlisikie kutoka kwangu mwenyewe.

Mimi ni fundi wa lifti, kazi yangu Riyadh, lakini mwezi ule kampuni ilinipeleka Jeddah, nikawa nafikia kwa huyo rafiki yangu Shaabani mtaa wa Ruwais. Jino la nyuma likaniamkia, nikawa nalala nimekaa. Shaabani akanipeleka kliniki ya jirani, daktari akatazama, akasema mzizi umeoza, akanichoma ganzi, kisha akaniambia, "Tulia hapo, tunangoja bima yako ikubali," akatoka.

Ningetulia tu! Lakini asubuhi ile binamu yangu Rehema, aliyeko Marekani, alikuwa kanitumia ujumbe wa sauti (Rehema hajui kufupisha) kwamba jimbo lao wamepiga kura, kampuni za bima ya meno zilazimike kutumia sehemu kubwa ya michango ya watu kutibu meno ya watu, si kujengea maofisi ya vioo na kulipana marupurupu, na zisipofika kiwango ziwarudishie watu pesa zao. Maneno yakanikaa kichwani. Sasa niko pale kitini nikamsikia dada wa mapokezi akisema kwenye simu, "Mafi, mafi, halas." Hakuna, imekwisha! Nikajua wamenikatalia, nikainuka na kile kitambaa cha karatasi kikining'inia shingoni.

Nje alikaa mzee wa Kisaudi, kanzu imenyooka, kaegemea ukuta kwa heshima zake, nikasema huyu ndiye mwenye kliniki. Nikamsimamia mbele. Kiarabu changu ni cha kuombea bisibisi, kikaniishia mapema, nikahamia Kiswahili, na mdomo wenyewe (mniwie radhi) nusu haukuwa wangu.

"'Ichango yetu itu'ike kwenye 'eno yetu!" nikanguruma. "Serikali i'ese'a!"

Mzee akanitazama, machozi yakamlengalenga. Nikaona nimemgusa moyo, basi nikapandisha sauti, watu wakageuka, mama mmoja akamvuta mwanawe, nesi akaja mbio na kiti cha magurudumu akidhani nimepata kiharusi, akanikalisha kwa nguvu, na mimi nahutubia tu huku nasukumwa, Shaabani nyuma yetu kaniinulia simu ananirekodi.

Dada wa mapokezi, kumbe Kiswahili anakijua, akatukimbilia. "Ya akhi, bima yako imekubali! Mimi nilikuwa namwambia mtu wa maji kwamba chupa zimetuishia."

"Na ile sheria?" nikauliza kwa tabu.

"Sheria ya wapi?"

Nikafikiri. "'Arekani."

Akacheka mpaka akaegemea kiti changu. Alipopata pumzi akanieleza kwa upole kwamba hata hapa serikali inazisimamia kampuni za bima, na ukinyimwa haki yako pako pa kulalamikia, "lakini kwanza unyimwe, kaka yangu."

Na yule mzee? Mgonjwa kama mimi. Shavu la upande wa pili, ambalo sikuliona, lilikuwa limevimba kama andazi, na machozi yale yalikuwa ya jino. Nilitamani sakafu inimeze. Nikamwomba radhi kwa mikono, yeye akaandika kwenye simu yake, ikamtafsiria, akanionyesha: "Sikuelewa hata neno moja, lakini ulipokuwa unasema nilisahau maumivu. Mungu akulipe."

Jino lilitibiwa, sasa natafuna hata mifupa. Nimeapa kwamba nikishachomwa ganzi sitamtetea mtu yeyote, hata mimi mwenyewe. Ila wenzangu hawajanisaidia kutimiza kiapo. Juzi napita sokoni Batha, huku Riyadh, muuza simu mmoja wa kwetu Tanga kanikimbilia kutoka dukani, kanishika mkono kwa adabu zote: "Mheshimiwa, hivi bima yangu inalipia miwani?"

Nikashika shavu, nikaguna kama mtu anayeumwa, nikapita zangu.