Mizunguko Miwili ya Skrubu

Tung. Tung. Tung. Kisha kimya.

Sauti hiyo Polycarpe aliiacha nyuma ya kilima huko Masisi, mashariki mwa Kongo, mwaka 1996, akiwa na miaka kumi na tisa. Ilikuwa ya trekta la shamba la chai, la silinda moja, ambalo baba yake Bertin aliliendesha na kulitengeneza. Vita vilipofika na watu wakaanza kukimbia, baba alirudi. Injini haiachwi ikinguruma peke yake. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yake. "Mutangulie," alisema, "ninaizima, ninakuja." Polycarpe na mama yake walipanda kilima wakiisikiliza. Ikazimika. Baba hakuja. Mkono wa nani uliizima, hakuna aliyewahi kuwaambia.

Miaka kumi na mitatu baadaye Polycarpe alikuwa fundi wa matairi, akiishi Laeken, mtaa wa Brussels, Ubelgiji, na mkewe Émérance na binti yao Gracieuse. Hakuwa mtu wa kulialia. Alikula, alilala, alicheka watu walipocheka. Ila kila kitu alikigusa kama mtu aliyevaa glavu nene.

Jumamosi alipanda basi hadi Neder-Over-Heembeek, pale mji unapoishia kwenye mashamba ya mboga, kwa mzee mmoja aitwaye Antoine. Mzee huyu alikuwa na trekta la marehemu baba yake, la mwaka 1950, silinda moja, na hamu moja tu: livute mzigo mpaka mwisho wa njia kwenye mashindano ya matrekta ya kale. Mzigo wenyewe ni rundo la vyuma juu ya gari la kukokotwa, na vyuma husogea mbele kadiri gari linavyovutwa, hivyo kila mita ni nzito kuliko iliyopita. Njia ni mita mia moja. Antoine alikuwa amejaribu miaka mitatu bila kufika.

Polycarpe aliifungua injini yote. Silinda ilichongwa upya, ikapanuliwa, ikapewa pistoni kubwa zaidi. Alibadilisha nozeli inayopuliza dizeli, akafunga vyuma vizito puani ili trekta lisiinue magurudumu ya mbele. Mwisho akaishika skrubu ya pampu ya dizeli na kufanya kama baba alivyomfundisha: ikaze mpaka mwisho, kisha irudishe mizunguko miwili. Hakufikiri. Vidole vyenyewe vilihesabu.

Jambo moja tu hakulifanya. Kila jioni, kazi ikiisha, alirudi nyuma hatua mbili na kusema, "Monsieur Antoine, zima." Mzee alidhani ni heshima kwa mwenye mali.

Julai walishindana. Trekta lilisimama mita ya themanini na moja.

"Babu yangu alifika mbali zaidi na ng'ombe," alisema Antoine.

"Ng'ombe wa babu yako walikula vizuri."

Mzee alicheka, kisha akaangalia mikono yake. Septemba angehamia nyumba ya wazee, na wanawe walikuwa wameshampata mnunuzi wa trekta. Yalibaki mashindano ya Agosti tu. Polycarpe alisema, "Litafika." Alijisikia akiahidi, kama mtu anayemsikia jirani nyuma ya ukuta.

Siku kumi kabla ya mashindano alikuwa ameketi jikoni, kalamu mkononi, akichora pampu nyuma ya bahasha. Émérance alikuwa anaepua maharagwe.

"Yashaiva?" Polycarpe aliuliza.

"Bon, Papa Gracieuse, unaniuliza kila siku. Ile mwaka tulifika hapa, unakumbuka? Nilikuwa nayaacha moto masaa ine, sawa kwetu. Inakuwa bouillie, uji kabisa. Ukasema, mama Émérance amesahau kupika."

"Nilisema."

"Na sikusahau. Kule juu kwetu maji inachemka lakini haichome sana. Hapa tuko chini. Voisine, ule jirani wetu, ndiye alinifundisha: maman, punguza saa. Nikakataa mwezi muzima, sababu mama yangu alinionyesha masaa ine."

Polycarpe aliiweka kalamu chini. Masisi iko juu, hewa yake nyembamba. Injini ikipewa dizeli nyingi husongwa, hutapika moshi mweusi. Ndiyo maana ya kurudisha mizunguko miwili: kupunguza dizeli. Hapa hewa ni nzito. Trekta la Antoine lilikuwa limepumua hewa tele na kulishwa nusu tumbo.

"Alors?" alisema Émérance. "Unaniangalia nini? Kula."

Jumamosi aliishika skrubu. Akaikaza mzunguko mmoja. Mkono ukasimama. Hesabu ile ndiyo kitu pekee cha baba alichovuka nacho mpaka. Picha hakuwa nayo hata moja. Akangoja aone kama kitu kitamchoma. Hakikumchoma. Akakaza wa pili.

Siku ya mashindano Antoine aliendesha mwenyewe. Mita themanini zilipita. Tisini. Puani trekta lilinyanyuka kidogo, likarudi chini, injini ikipiga polepole kama mtu anayepasua gogo, pigo baada ya pigo, mpaka bendera ikashushwa. Mia. Watu walipiga makofi. Polycarpe alienda kwa miguu kandokando ya njia, bila haraka.

Antoine alikuwa bado kwenye kiti, machozi mashavuni, mikono juu ya usukani. Injini iliendelea. Tung. Tung.

"Siwezi, Polycarpe. Mikono imekwisha. Leo zima wewe."

Polycarpe alitazama nyuma, hakuna mwingine aliyekuwa karibu. Akavua glavu, akashika wenzo wa kukatia dizeli, ambao ulikuwa wa moto, akauvuta.

Kimya kilikuja. Alisimama ndani yake, akingoja kilio, na kilio hakikuja. Kiganja tu ndicho kilichouma. Akainamia boneti kana kwamba anatafuta uvujaji wa mafuta, akasema kwa sauti ambayo hata mzee juu ya kiti hakuisikia:

"Papa, nimeizima."